Kuzoeleka, Kufichika na Kufichwa: Uhakiki wa Dhana ya Kutoweka kwa Kompyuta katika Insha ya Mark Weiser

Ikisiri

Uhakiki huu unaichunguza insha ya Mark Weiser, "Kompyuta ya Karne ya 21", iliyochapishwa mwaka 1991 katika jarida la Scientific American, ambayo ndiyo matini ya msingi ya uga wa ukompyuta wa kila mahali. Insha hiyo imejadiliwa sana na wanasayansi wa kompyuta kama mpango wa utafiti. Hapa inasomwa kama matini yenye hoja, sitiari, msimulizi na mhusika. Uhakiki unadai kwamba kitenzi kimoja, kutoweka, kinabeba katika insha hiyo mambo matatu ambayo mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili huyatenga: kuzoeleka, kufichika na kufichwa. Weiser anathibitisha jambo la kwanza, anajenga la tatu, na kulisimulia kana kwamba ni la pili. Matokeo yake ni kwamba mtenda anapotea, na pamoja naye anapotea mtu wa kuulizwa.

1.0 Utangulizi

Mark Weiser (1952–1999) alifundisha sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Maryland kabla ya kujiunga na kituo cha utafiti kilichokuwa cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Huko aliongoza Maabara ya Sayansi ya Kompyuta, na mwaka 1996 akawa mwanateknolojia mkuu wa kituo kizima. Kuanzia mwaka 1988 alitumia istilahi ambayo hapa inatafsiriwa kuwa ukompyuta wa kila mahali, akimaanisha hali ambamo kompyuta nyingi ndogondogo zimesambazwa katika mazingira ya mwanadamu, zikiwa zimeunganishwa kwa mtandao, na zikimhudumia bila kumlazimisha aketi mbele ya mashine moja na kuikodolea macho.

Wazo hili halikuzaliwa miongoni mwa wahandisi peke yao. Weiser na wenzake walikiri kwamba lilichochewa na kazi ya wanaanthropolojia wa kituo hicho, akiwamo Lucy Suchman, ambaye kitabu chake cha mwaka 1987 kilionesha kuwa watu hawatendi kwa kufuata mipango iliyokamilika vichwani mwao, bali hutenda kwa kuitikia hali wanamojikuta. Kwa hiyo tangu mwanzo uga huu ulikuwa na madai kuhusu binadamu: anavyojifunza, anavyozingatia na anavyosahau. Madai ya namna hiyo yanastahili kuhakikiwa na taaluma za binadamu pia, kwa zana zake zenyewe. Zana inayotumika hapa ni usomaji makini wa matini, ukisaidiwa na sarufi ya kauli za vitenzi vya Kiswahili.

2.0 Hoja ya Insha

Insha ya Weiser inafunguliwa kwa dai kwamba teknolojia zenye uzito mkubwa kabisa ni zile zinazotoweka. Zinajisokota ndani ya maisha ya kila siku hadi zisiweze kutenganishwa nayo. Mara moja anatoa mfano wa maandishi, ambayo kwake ndiyo pengine teknolojia ya kwanza ya habari. Mtu apitaye barabarani akiona kibao chenye jina la mtaa, anaipata habari iliyomo bila kuhisi kuwa amefanya kitendo cha kusoma. Weiser anasisitiza kuwa kutoweka huku ni tokeo la saikolojia ya binadamu, wala si la teknolojia yenyewe: mtu akilijua jambo vya kutosha, huacha kulitambua. Anawataja Herbert Simon, Michael Polanyi, Gadamer na Heidegger kama wanazuoni walioliona jambo hilo kwa majina tofauti.

Kutoka hapo insha inahamia kwenye vifaa. Maabara ilikuwa inaunda mashine za ukubwa wa aina tatu: za inchi moja, mithili ya vikaratasi vya kubandika; za futi moja, mithili ya karatasi ya kuandikia; na za yadi moja, mithili ya ubao wa darasani. Chumba cha kawaida kingeweza kuwa na vile vidogo zaidi ya mia moja, vya kati kumi au ishirini, na mbao moja au mbili. Pia anaeleza beji zilizobuniwa katika maabara ya Olivetti huko Cambridge, Uingereza, ambazo ziliwezesha milango kumfungukia mvaaji anayeruhusiwa na simu kumfuata mtu katika chumba alichomo. Mambo mawili anayoyapa uzito ni mahali na ukubwa: kompyuta za namna hii lazima zijue ziko wapi.

Hapa ndipo swali la uhakiki huu linapozuka. Hoja ilianza kwa kueleza kinachotokea akilini mwa msomaji mzoefu; imeishia kwenye vifaa vinavyopachikwa ukutani, mlangoni na kifuani pa mfanyakazi. Kitenzi kimebaki kilekile. Je, kinachotoweka ni kilekile?

3.0 Kitenzi Kimoja, Mambo Matatu

Kitenzi cha Kiingereza alichokitumia Weiser ni sielekezi na hakidai mtenda wa nje. Kitu kinatoweka, hakuna anayekitoweza. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kukiacha kitenzi hicho kilivyo kwa kusema kutoweka, na pengo litahamia katika Kiswahili bila kuonekana. Lakini akijiuliza ni kutoweka kwa namna gani, lugha inampa njia tatu.

Ya kwanza ni kuzoeleka. Jambo huzoeleka kwa mtu fulani, baada ya muda fulani. Kishazi "kwa watu" kinamtaja anayezoea, na maana ya kitenzi inadai muda. Ya pili ni kufichika. Hii ni kauli ya kutendeka, inayoeleza hali ya kitu pasipo kumtaja aliyeisababisha. Msemaji wa Kiswahili husema barua imefichika chini ya mkeka, lakini hasemi barua imefichika na karani. Ya tatu ni kufichwa. Kauli ya kutendwa humwachia mtenda nafasi: barua imefichwa na karani. Hata asipotajwa, nafasi yake ipo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, imefichwa na nani?

Mifano miwili ya Weiser inaonesha tofauti hii ilivyo na uzito. Maandishi yamezoeleka. Msomaji hazitambui herufi kwa sababu amezisomea miaka mingi, na akitaka anaweza kuzirudia wakati wowote: akasahihisha tahajia, akahesabu mizani, akatilia shaka saini. Weiser anagusia kwamba teknolojia hii imeenea katika nchi zenye viwanda, ila hausemi ugumu wa kuifikisha huko: shule, walimu na viboko. Historia ya Kiswahili inaukumbusha. Kwa karne kadhaa lugha hii iliandikwa kwa hati za Kiarabu, na kwa wasomi wa pwani hati hizo zilikuwa zimezoeleka kabisa. Shule za kikoloni zilipoziweka hati za Kirumi kuwa ndizo za kusomea na kupatia kazi, msomaji mahiri wa tenzi aliweza kuhesabiwa kuwa hajui kusoma. Alichokuwa amekizoea hakikubadilika. Kilichobadilika ni aliyeamua lipi liitwe kusoma. Hata katika mfano ulio bora kuliko yote aliyoutoa Weiser, kutoweka kwa teknolojia kunategemea nani amefundishwa na nani ameachwa nje.

Mfano wa pili ni wa mota za umeme. Weiser anasema kwamba zamani kiwanda kilikuwa na injini moja iliyoendesha mashine nyingi kwa mikanda, na kwamba mota ndogo za bei nafuu ziliwezesha kila chombo kiwe na yake. Ukikipitia kitabu cha mafundi wa gari la kawaida, anaongeza, utakuta mota 22 na solenoidi 25. Dereva hazijui. Mfano huu haufanani na ule wa maandishi. Dereva hakuzijua mota hizo kisha akazizoea. Hakupata kuziona kamwe. Zimefungiwa ndani na mtengenezaji, yaani zimefichwa. Hata hivyo hazikufichwa kwa kila mtu, kwani zimeorodheshwa katika kitabu ambacho Weiser mwenyewe amekitumia kuzihesabu. Nyuma ya kitabu yuko fundi. Kilichofichwa kwa dereva kiko wazi kwa mtu mwingine anayefahamika, na ambaye dereva anaweza kumpelekea gari lake. Ficho la mota linavumilika kwa sababu lina mlango, na mlango huo ni kitabu na fundi.

4.0 Sal na Msimulizi Wake

Sehemu ya insha inayokumbukwa zaidi ni hadithi fupi. Mwanamke anayeitwa Sal anaamka na kusikia harufu ya kahawa. Dakika chache kabla, saa yake ya kuamshia ilitambua anavyojigeuzageuza kitandani, ikamuuliza kama anataka kahawa, naye akanong'ona kuwa ndiyo. Madirishani mwake, mbali na jua na ua, anaona nyayo za kielektroniki za majirani waliopita alfajiri. Kwa kutazama madirisha ya vyumba vya wanawe anajua kuwa wameamka dakika 15 na 20 zilizopita na wako jikoni. Akielekea kazini, kioo cha gari kinamwonesha msongamano ulio mbele. Ofisini anashirikiana na mwenzake Joe, ambaye hayupo chumbani naye, katika kazi moja.

Kifani, Sal ni mhusika bapa. Hana shaka, hachoki, hakosani na mtu, wala hana jambo analotaka asilipate. Ameumbwa ili vifaa vipate wa kumhudumia. Msimulizi ni maizi: anajua kilichotokea Sal akiwa usingizini, na anajua saa ya kitandani ilihisi nini. Maarifa haya ya msimulizi ndiyo maarifa ya mfumo. Wote wawili wanaona kila kitu, na hakuna kati yao anayeonwa. Majirani nao hawana sauti. Msimulizi anatuambia kuwa kanuni za faragha zinazuia video zao kuoneshwa, na kwamba nyayo zao zinampa Sal hisia ya utulivu mtaani kwake. Hatuambiwi kama jirani mmoja alipata kuulizwa iwapo anataka kuwa sehemu ya utulivu wa Sal. Kanuni zipo kama hali ya hewa ilivyopo. Zimewekwa, lakini zinasimuliwa kana kwamba zilijiweka.

Tukio linalofichua zaidi ni dogo. Sal amekipoteza kitabu cha maelekezo cha kifungua mlango cha gereji, akaiandikia kampuni kuomba msaada. Kampuni inamtumia kitabu kipya, na pamoja nacho maelekezo ya kukipata kile cha zamani: akibonyeza msimbo fulani, kitabu kitajitambulisha. Anaufuata mlio gerejini na kukikuta kimeanguka nyuma ya masanduku. Ndani ya jalada mtengenezaji alikuwa amebandika kompyuta ndogo ya inchi, na msimulizi anatoa sababu waziwazi: kupunguza barua za wateja kama yake.

Weiser anakisimulia kisa hiki kama mshangao wa kupendeza. Msomaji makini anaona humo kinaya. Kifaa hicho kilikaa gerejini mwa Sal muda wote bila yeye kujua. Hakikuzoeleka kwake, kwa kuwa hakuna azoeaye asichokijua. Kilifichwa, na hii ni mara moja katika hadithi nzima ambapo aliyeficha na sababu yake vinatajwa pamoja. Aliyeficha ni kampuni. Sababu ni kuipunguzia kampuni usumbufu. Safari hii Sal alinufaika. Hata hivyo, hakuna katika masharti ya hadithi kinachohakikisha kuwa manufaa ya mtengenezaji na ya Sal yataangukia upande mmoja kila mara. Isitoshe, chombo kilichopotea ni kitabu cha maelekezo, yaani mlango uleule ambao kwao mota za gari zilivumilika. Katika ulimwengu wa Sal, hata kitabu kinachoeleza vilivyofichwa kimefichiwa kitu.

5.0 Utetezi wa Weiser na Uzi wa Ushorobani

Haki inadai isemwe kwamba Weiser hakuwa kipofu wa hatari hii. Katika insha hiyohiyo anaonya kwamba mamia ya kompyuta chumbani, zenye uwezo wa kuhisi watu na kuunganishwa kwa mtandao wa kasi, zinaweza kuufanya udikteta uliokwisha kujulikana uonekane kama ukosefu mtupu wa utawala. Ni onyo kali kuliko walilolitoa wengi wa waliomfuata. Jibu lake ni kwamba mbinu za usimbaji fiche zipo tayari, na kuwa zikiingizwa tangu mwanzo zinaweza hata kuboresha faragha. Udhaifu wa jibu hili ni kwamba usimbaji humlinda mtu dhidi ya mdukuzi wa nje. Haumlindi dhidi ya mwenye mfumo, ambaye ndiye mtenda aliyefutwa na sarufi ya insha.

Jibu bora zaidi limo katika kazi aliyoiandika baadaye na John Seely Brown kuhusu teknolojia tulivu. Humo kutoweka kunapisha dhana ya pembezoni na kitovu: teknolojia tulivu hukaa pembezoni mwa usikivu wa mtu, lakini inaweza kuletwa kitovuni akiihitaji na kurudi tena. Mfano wao mkuu ni kazi ya msanii Natalie Jeremijenko katika kituo hicho cha Palo Alto. Uzi wa plastiki wenye urefu wa futi nane ulining'inizwa darini kutoka kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao. Kila kipande cha data kilichopita kiliusukuma kidogo. Mtandao ukiwa na shughuli nyingi uzi ulizunguka kwa kishindo. Ukiwa mtulivu, ulitikisika mara moja baada ya sekunde kadhaa. Mpita njia ushorobani aliijua hali ya mtandao kwa kutupa jicho.

Uzi huo unaipinga sentensi ya kwanza ya insha ya 1991. Ulichukua kitu kilichokuwa kimefichika, yaani mwendo wa data ndani ya waya, ukakifanya kionekane kwa kila apitaye, mhandisi na mfagiaji vilevile. Baada ya hapo ukazoeleka. Mpangilio huu ndio unaostahili kuzingatiwa: kitu kionekane kwanza, kisha kizoeleke, na mlango wa kukitazama upya ubaki wazi. Ni mpangilio wa maandishi, na unapingana na ule wa kibandiko cha gereji.

Wahakiki waliotangulia wameigusa insha kwa njia nyingine. Yvonne Rogers (2006) alipinga lengo la utulivu, akataka teknolojia imchangamshe mtu badala ya kumfikiria kwa niaba yake. Genevieve Bell na Paul Dourish (2007) walipinga wakati wa insha: waliona kuwa uga umenaswa na kesho isiyofika, ilhali ukompyuta wa kila mahali ulikuwa umekwisha kuwasili kwa sura isiyo nadhifu, nao walitoa mifano ya Singapore na Korea. Hoja hizo zina nguvu. Lakini lengo likibadilishwa na wakati ukasahihishwa, kitenzi bado kitabaki na mtenda wake atabaki kivulini.

6.0 Kwenye Simu ya Mkononi

Kama Bell na Dourish wako sahihi kwamba kesho ya Weiser imekwisha kufika kwa sura nyingine, basi Afrika Mashariki ni mahali pa kuipimia, kwa sababu hapa kompyuta iliyoenea kila mahali ni simu ya mkononi. Tofauti na mashine za futi za Weiser, ambazo alizikusudia zisiwe mali ya mtu na ziokotwe popote kama karatasi chakavu, simu imefungamana na jina la mtu na namba yake.

Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka uliofuata. Imezoeleka kiasi kwamba wengi hawaihesabu kuwa kompyuta. Lakini haikuzoeleka kwa kutoweka. Mteja alikwenda kwa wakala mwenye kibanda na sura, akaandikwa kwenye daftari, akatia saini, na akasubiri ujumbe mfupi wenye namba ya muamala, kiasi na salio. Kila hatua iliacha alama inayoweza kuoneshwa kwa mtu mwingine penye ubishi. Watu waliiamini kwa sababu iliwaonesha ilichokifanya.

Juu ya msingi huohuo, mwezi Novemba 2012, ilizinduliwa nchini Kenya huduma ya M-Shwari ya akiba na mikopo. Kiwango cha mkopo ambacho mteja mpya aliruhusiwa kilikokotolewa kutokana na kumbukumbu za matumizi yake ya simu na ya M-Pesa. Mteja aliona tarakimu. Hakuoneshwa hesabu iliyoizaa, wala ni mwenendo gani wake uliompandisha au kumshusha. Kwenye simu ileile, mkononi mwa mtu yuleyule, kuna jambo lililozoeleka na jambo lililofichwa. Muuza mboga aliyetumiwa pesa pungufu ana ujumbe wa kumwonesha wakala. Muuza mboga aliyepewa kiwango cha sifuri hana cha kuonesha, na hamjui wa kumuuliza. Kuyaita mambo haya mawili kwa kitenzi kimoja ni kumnyima hata swali lake.

7.0 Hitimisho

Weiser alifunga insha yake kwa tumaini kwamba kutumia kompyuta kutaburudisha kama matembezi msituni. Sitiari hiyo inarudia kosa lililochambuliwa hapo juu. Msitu haukusanifiwa na mtu ili umhisi apitaye. Chumba chenye kompyuta mia kimesanifiwa. Atembeaye msituni hana wa kumshitaki akijikwaa kwenye mzizi. Akaaye chumbani humo anaye, ila amefundishwa asimwone.

Uhakiki huu umeonesha kwamba nguvu ya insha inatokana na ushahidi wa kuzoeleka, na hatari yake inatokana na kuuhamishia ushahidi huo kwenye kufichwa kwa kupitia kufichika. Kutokana na hayo, mapendekezo mawili yanatolewa. Kwanza, wanaounda istilahi za Kiswahili za uga huu wasiridhike na kitenzi kutoweka pale ambapo matini ya asili inaficha mtenda. Waulize kila mara ni kauli ipi inayostahili. Pili, watafiti wanaotathmini mifumo ya simu na ya vihisi katika mazingira ya Kiswahili wawe na kipimo kimoja cha wazi: je, mtumiaji akitaka, anaweza kukirudisha kifaa mbele ya macho yake na kumpata wa kumuuliza? Akiweza, kifaa kimezoeleka. Asipoweza, kimefichwa, na utafiti una wajibu wa kutaja na nani.